Ini la Karani

Mbwa hakujua kwamba ndiye shahidi pekee aliyebaki. Alilala juu ya meza ya chuma, kidevu kimeegemea miguu ya mbele, macho kwenye mlango wa maabara kama anayemngoja mtu aliyesema anarudi sasa hivi.

"Jina?" aliuliza mtaalamu wa maabara, kalamu juu ya fomu.

"Karani," alijibu Inspekta. "Alipokuwa mdogo alitafuna daftari la mwenye nyumba. Jina likamganda."

"Umri?"

"Miaka sita."

"Mlalamikaji?"

"Mwana wa marehemu."

Mtaalamu aliinua macho. Alikuwa mwanamume mwembamba, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo, na koti lake jeupe lilikuwa na doa la wino kifuani ambalo sabuni ilikuwa imekwisha kushindana nalo na kushindwa. Inspekta alijua kwamba mtu huyu hapimi kitu mpaka aambiwe kinapimiwa nini, basi akavuta kiti akakaa. Kituoni Inspekta huyu aliitwa Bi Taratibu. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa.

Alimweleza. Mama mmoja mjane alifariki wiki tatu zilizopita. Hospitali iliandika kwamba ini lilishindwa kufanya kazi, na kesho yake akazikwa. Mwanawe wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kitinda, alikuwa anaendesha winchi kwenye bandari ya mbali, akafika siku nne baada ya maziko. Nyumbani alimkuta mama yake mdogo, aliyekuja kumuuguza dada yake. Majuzi Karani akaanza kuvuja damu kwenye fizi. Siku hiyohiyo Kitinda akafungua begi la mama mdogo, akakuta pakiti ya sumu ya panya, imekatwa mdomo, nusu imetumika. Hakuhitaji zaidi. Alikuja kituoni na pakiti mkononi, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sasa mama mdogo yuko mahabusu siku ya pili," alimalizia. "Mwendesha mashtaka ananitaka kesho saa nne asubuhi. Nikiwa na kitu, mama mdogo anashtakiwa kwa mauaji na kaburi linafukuliwa. Nisipokuwa na kitu, anaachiwa."

"Na mbwa anaingiaje?"

"Majirani wote wanasema jambo moja. Marehemu na mbwa huyu walikula chungu kimoja. Kilichoingia huyu ndicho kilichoingia yule. Niambie kama ni sumu ya panya."

Mtaalamu alivaa glavu. "Amekula leo?"

"Tangu jana jioni hajala, kama ulivyoagiza."

Alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akapapasa mshipa kwa kidole, akaingiza sindano. Karani hakugutuka. Damu ilijaa vichupa viwili vya plastiki na kimoja cha kioo. Vile viwili vilikwenda kwenye mashine ya kuzungusha. Kile cha kioo mtaalamu alikifumbata kiganjani, kipate joto la mwili, akatazama saa ya ukutani. Kila baada ya nusu dakika alikiinamisha kidogo, akakirudisha.

"Damu ya mbwa mzima haimalizi dakika nane bila kuganda," alisema.

Dakika nane zilipita, kumi zikapita. Kufikia ya kumi na tatu bado damu ilitiririka ndani ya kioo kama chai. Inspekta aliandika.

"Basi ni sumu ya panya. Si ndiyo kazi yake, kuzuia damu isigande?"

"Ndiyo kazi yake. Sasa niambie, daktari wa mifugo alimchoma vitamini K lini?"

Inspekta alipekua jalada. "Juzi asubuhi. Na jana tena."

"Sindano hiyo ndiyo kiboko ya sumu ya panya. Ingekuwa ni sumu ile, leo damu hii ingekuwa imeshaanza kushikana. Haijashikana." Alikiweka kichupa kwenye kishikio. "Vitu vya kugandishia damu hutengenezwa na ini, afande, na vitamini K ni mali ghafi tu. Unaweza kumpelekea seremala mbao mpaka zijae uani, lakini seremala akiwa mgonjwa, kitanda hukipati."

Mashine ya pili, ndogo kama redio, ilitoa ukanda wa karatasi. Mtaalamu aliusoma mara mbili, ndipo akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumia: mara nane ya kawaida. Wa pili ulikuwa wa rangi ya nyongo, ile iliyofanya fizi ziwe njano. Kwenye mstari wa tatu kalamu ilikaa muda mrefu.

"Nataka sampuli nyingine kabla sijafungua mdomo," alisema. "Tumlishe, tungoje saa mbili, tuchukue damu tena. Ini zima likishapitiwa na chakula huirudisha nyongo mahali pake. Ini bovu huiacha izagae kwenye damu."

Tabu ilikuwa kumlisha. Mtaalamu aliweka bakuli la nyama ya kusaga chini ya pua yake, Karani akageuza uso. Akalisogeza, mbwa akafumba macho.

Inspekta alikaa akiwatazama wote wawili. Kisha akainama karibu na sikio la mbwa, akasema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeita uani, "Kitinda. Njoo tule."

Masikio yalisimama. Karani aliinua kichwa, akautazama mlango, akangoja. Mlangoni hakutokea mtu. Taratibu aliteremsha pua ndani ya bakuli, akala.

"Umejifunzia wapi hiyo?" aliuliza mtaalamu.

"Kwa jirani wa ukuta wa pili. Kila jioni mama alimwita mwanawe hivyo kabla ya kula. Aliyekuja ni huyu. Kwa miaka minne."

Saa mbili zilikuwa ndefu. Mtaalamu alichemsha maji kwenye birika ambalo si la maabara, akamimina chai katika vikombe viwili ambavyo navyo, alisema, si vya maabara.

"Una watoto, dada?"

"Mmoja. Yuko mbali."

"Hupiga simu?"

"Sikukuu."

Walikunywa chai wakimtazama mbwa akiutazama mlango.

Sampuli ya pili ilipotoka, mtaalamu aliweka kanda mbili za karatasi sambamba, akazikandamiza kwa vifundo vya vidole.

"Nyongo imepanda mara tano baada ya chakula. Hilo ni ini lililochoka. Lakini mimi nilisimama hapa." Alirudi kwenye ule mstari wa tatu. "Albumini. Ni protini ya damu, ini ndilo linaloitengeneza. Ini likiacha leo, ile iliyomo kwenye damu haitoweki kesho. Inapungua polepole, kama maji ya pipa lisiloongezwa. Hapa pipa linakaribia kukauka. Na picha ya mawimbi ya sauti aliyopiga daktari wa mifugo inasema ini limesinyaa, lina vinundu. Ini halisinyai kwa wiki moja."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne. Mitano. Ukiniambia ni chini ya mitatu, nitakukatalia hata mbele ya hakimu."

Inspekta alilaza jalada wazi mapajani, akashuka kwa kidole mpaka kwenye tarehe moja. Mama mdogo alifika kwa dada yake wiki tano kabla ya kifo. Ongeza wiki tatu tangu maziko. Wiki nane.

"Kwa hiyo mbwa huyu alikuwa anaumwa kabla mtuhumiwa wangu hajapanda basi," alisema.

"Mimi nasema habari za ini tu. Habari za mabasi ni zako."

"Na ni kitu gani kinachokula ini la mbwa na la mtu kwa miezi minne, bila pupa?"

"Kuna dawa za namna hiyo. Kuna mimea. Kuna ukungu wa kwenye nafaka." Mtaalamu alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi. "Huyo mama mdogo, hali yake?"

"Mzima kama jiwe la kusagia."

"Basi tafuta walichokula hawa wawili ambacho yeye hakukionja."

*

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mtandio wake umekunjwa vizuri mapajani, kama mtu aliyefika mapema hospitalini. Umri wake ulipita sitini. Sahani ya chakula cha mahabusu ilikuwa kando yake, haijaguswa.

"Tiketi ya basi ulilojia unayo?" aliuliza Inspekta.

"Iko kwenye kipochi changu, huko mlikokiweka. Mimi situpi karatasi."

Ilikuwepo. Tarehe ilikubaliana na jalada.

"Sumu ya panya uliinunua wewe?"

"Niliinunua mimi, siku ya pili. Panya walikuwa wanacheza mpira darini, mgonjwa halali. Niliiweka juu ya dari, iliyobaki nikaificha kwenye begi, mbwa asiione. Nilisema hivyo jana."

"Ulisema. Leo nataka habari za chakula. Mchana mlikula nini?"

"Nilichopika. Sote watatu. Mimi, dada, na huyo mbwa wake aliyemfanya mtu."

"Jioni?"

Mama mdogo aliutazama mtandio. "Jioni nilikula peke yangu."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa na chake."

Inspekta alingoja. Katika kazi hii alikuwa amejifunza kwamba ukimya ukiuachia nafasi, mtu mwingine huujaza.

"Karanga," alisema mama mdogo hatimaye. "Karanga za mwanawe. Alizitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo shingoni. Kila jioni alipima konzi mbili, akazitwanga, akatia kwenye uji. Bakuli moja lake, bakuli moja la mbwa, kwa sababu mbwa pia ni wa Kitinda. Akishamwita mwanawe, anakula, anaosha kinu, anafunga sanduku. Hata siku alizokuwa hawezi kuinuka alijikokota. Chakula changu alikirudisha, akakila kile."

"Wewe hukupewa?"

"Siku moja nilinyoosha mkono." Aliunyoosha sasa, kiganja juu, kisha akakirudisha mapajani. "Akashusha mfuniko. Akaniambia, 'Zako nitakununulia sokoni. Hizi nikizimaliza, sitakuwa na kitu chake.' Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Nilikuwa nimesafiri siku mbili. Nilikuwa namnawisha, namgeuza, namsuka nywele. Sikuwa na njaa, mama. Nilitaka tu punje moja, na mimi nihesabiwe."

Nje ya dirisha pikipiki ilipita, ikapotea.

"Kwa nini hukuniambia haya jana?"

"Jana mliniuliza nilimpa nini. Hamkuniuliza alininyima nini."

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo. Banda la kuku lilikuwa wazi, tupu. Kitinda alifungua mlango akiwa amevaa shati la kazini lenye nembo mfukoni. Shati jingine hakuwa nalo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushei, mabega ya mtu wa bandari, na jicho la mtu anayelala sakafuni. Godoro lake lilikuwa chini, kando ya kitanda cha mama yake. Kitanda kimetandikwa.

"Amekiri?" aliuliza.

"Bado nauliza. Kuku walikufa lini?"

"Jirani anasema kabla ya mvua kuisha. Walidhani ni ugonjwa wa kideri. Kuku wanahusika nini, Inspekta? Jumapili ninatakiwa kazini. Sina siku za kuhesabu kuku."

"Walikuwa wanakula nini?"

"Mabaki, kama kuku wote. Makapi ya kinuni." Alijibu kwa pumzi ya mtu anayevumilia. "Mwanamke yule ana sumu kwenye begi lake. Unataka kitu gani zaidi?"

"Ufunguo wa sanduku la chini ya kitanda."

Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, na uzi wake mweusi. Waosha maiti ndio waliomvua marehemu, wakautundika pale, na tangu siku ile haukuguswa. Kitinda alisema hakuwa na moyo wa kufungua. Alidhani mna nguo zake. Alipiga magoti, akalivuta sanduku, likakwaruza sakafu. Nyuma yake ukuta ulikuwa na alama ya maji, imeshuka kutoka kwenye paa mpaka mahali pale pale sanduku lilipokaa.

Mfuniko ulipofunguka, harufu ilitoka kwanza. Ilikuwa harufu ya vitu vilivyofungiwa na unyevu, ya mvua iliyolala ndani.

Juu kulikuwa na shati la shule, dogo. Chini yake daftari lililoliwa pembe. Chini ya daftari, mfuko wa kitambaa, mdomo wake umekazwa kwa kamba, na umebakiwa na robo tu. Inspekta alivaa glavu, akaufungua. Karanga za juu zilikuwa safi kwa macho, zimechaguliwa. Alipoingiza kijiko mpaka chini, kiliibuka na punje zilizokunjamana, nyingine zimevaa unga wa kijani na kijivu.

Kitinda alizitazama. "Bado alikuwa nazo?"

"Ulizileta lini?"

"Sikuzileta." Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. "Zinalimwa kule ninakofanya kazi, kubwa, tamu. Nilimpa dereva wa lori, amfikishie. Mwaka jana, mwezi kama huu. Nikamwambia, mwambie mama mimi nakuja nyuma yako."

"Ulikuja?"

"Ikaja meli, ikaja nyingine." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kila nikipiga simu nilimuuliza, mama, karanga zimeisha? Ananiambia, bado, nakula kidogo kidogo, nakungoja. Nilidhani ni maneno ya kunifurahisha. Mtu gani anakula mfuko mmoja mwaka mzima?"

Inspekta alijaza vifuko vitatu: punje za juu, za katikati, za chini. Aliandika kwenye kila kimoja, akamtaka Kitinda aweke sahihi kama shahidi. Kalamu ilipofika kwenye kifuko cha tatu ilisimama.

"Alitia sumu humu," alisema Kitinda polepole. "Mama mdogo. Alijua ndizo anazokula."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Shingoni mwa mama."

"Mpaka nani akauvua?"

Kitinda aliutazama msumari. Aliweka sahihi.

"Vaa viatu," alisema Inspekta. "Twende pamoja. Nisingependa uyasikie kwa mtu mwingine."

*

Mtaalamu alisaga kila sampuli peke yake, akaichanganya na dawa, akaichuja, akachovya ndani ya kila kichupa kijiti chembamba cha karatasi. Alieleza bila kuinua kichwa. Mistari miwili ikitokea, chakula ni salama. Ukitokea mmoja, sumu imepita kiwango.

Kijiti cha punje za juu kilitoa mstari mmoja na kivuli cha wa pili. Cha katikati, mmoja. Cha chini, mmoja, mwekundu, hauna mwenzake.

"Sumukuvu," alisema mtaalamu. "Inatoka kwenye ukungu. Haina harufu kubwa, haina ladha. Unaweza kuchagua zilizooza ukatupa, na zilizobaki zikawa nayo."

"Alizikaanga," alisema Kitinda. Alikuwa amesimama karibu na meza ya Karani, mkono wake juu ya shingo ya mbwa. "Mama hali karanga mbichi. Alizikaanga kwanza."

"Moto hauiondoi, ndugu yangu."

Inspekta alikuwa amekwisha kumpigia daktari wa hospitali. Kwenye kadi ya zamani ya marehemu palikuwa na homa ya ini ya miaka mingi, iliyolala. Mtaalamu alisikiliza, akatikisa kichwa. Yeye ni wa wanyama, alisema, hasemi habari za watu. Ila ini lililokwisha kupigwa zamani halihitaji kipigo kikubwa. Sampuli zitakwenda maabara kuu kwa vipimo vya mwisho. Lakini ukimuuliza yeye kilichomla Karani, jibu lipo kwenye vijiti hivi.

Karani alikuwa ameacha kuutazama mlango. Alikuwa amekiegemeza kichwa chake chote kwenye tumbo la Kitinda, amefumba macho.

"Nani amemuua mama yangu, Inspekta?"

"Hakuna mtu."

"Mimi."

"Uliwahi kumwandikia mama yako barua akaitupa?"

"Hajawahi kutupa kitu changu."

"Basi ndivyo ilivyokuwa," alisema Inspekta. "Paa lilivuja. Hakutupa. Nitaandika hivyo, na mahali pa jina la mtuhumiwa nitapiga mstari."

Mabega ya Kitinda, yale ya kuinulia makontena, yalishuka, akainama mpaka paji la uso likagusa manyoya ya mbwa, akakaa hapo. Mtaalamu alikwenda kuosha vichupa ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Baadaye, bila kuinua uso, Kitinda aliuliza kama mbwa atapona.

"Hatapona. Ataishi," alisema mtaalamu. "Akipewa dawa na chakula chepesi, akiwa na mtu wa kumhudumia, miezi. Pengine mwaka. Nimeona ya kushangaza."

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa Inspekta alipomtoa mama mdogo. Alimweleza kwanza, wao wawili, ndani ya chumba kile chenye benchi, kwa sababu aliona ni haki yake kuyasikia kabla ya Kitinda kumtazama usoni.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo aliponinyima ndipo aliponiokoa," alisema.

"Ndivyo ilivyo."

Alifikiri. "Angenipa, ningezila. Hata leo, nikiwa najua haya yote, angeinuka akanipa punje moja kwa mkono wake, ningeila." Akajifunika mtandio. "Yuko wapi mtoto?"

Kitinda alikuwa kaunta, kamba ya Karani mkononi. Askari wa zamu alirudisha begi, kipochi, tiketi. Mama mdogo aliweka sahihi kwa herufi kubwa, moja moja.

"Mama mdogo," alisema Kitinda, akampokea begi.

"Umekula?" aliuliza mama mdogo.

"Sijala."

"Mimi siku mbili sijala. Chakula cha hapa kina mchanga. Twende nyumbani ukanipikie."

"Mimi?"

"Wewe. Huko bandarini anakupikia nani?"

Aliitazama mikono yake, akaificha nyuma. "Mama mdogo, mimi naogopa kumpikia mtu."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sitaki apike mwingine."

Inspekta aliwachukua kwa gari lake, maana ufunguo wa nyumba alikuwa nao yeye tangu walipoifunga, na ule mfuko wa karanga ulihitaji kutolewa. Aliutoa, akauandikia, akaufunga kwenye buti. Kisha akarudi kuaga, na kuaga kukamchukua muda, kwa kuwa alikuta Kitinda ameketi uani na sinia la mchele, anauchagua punje kwa punje. Kila moja aliigeuza kwenye mwanga. Mama mdogo alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, hakumharakisha. Karani alilala katikati yao.

Mchele ulichukua karibu saa nzima kufika jikoni, na maharage yakachukua zaidi. Hakuna aliyemwambia Inspekta aondoke, naye hakuondoka. Sahani ilipofika, Kitinda aliiweka mbele ya mama yake mdogo kwa mikono miwili, akabaki amesimama.

"Ngoja nionje kwanza," alisema.

"Kaa chini."

Alikaa. Mama mdogo alinawa, akamega tonge, akala. Akala la pili. Alikula bila kuacha, mpaka wali ukabaki ukingoni tu, na Kitinda akafuata kila tonge kwa macho kama anayeshusha mzigo mzito kutoka juu sana.

"Chumvi haitoshi," alisema mwishowe. "Kesho utaongeza."

Kesho ilikuwa Jumamosi, na basi la bandarini lilikuwa linaondoka alfajiri. Kitinda alichukua sahani kutoka mikononi mwake.

"Kesho nitaongeza," alisema.